Sauti ya Mama Sufuria

Tangu angali mdogo walimwita Kasuku, kwa sababu hakuna aliyepita nyumbani kwa shangazi yake akaondoka na sauti yake peke yake. Muuza mkaa, mwalimu wa hesabu, jirani mwenye kigugumizi, wote aliwaiga mlango ukishafungwa, na shangazi yake angemkaripia huku kajiziba mdomo asionekane anacheka. Shangazi huyo ndiye aliyemlea. Alikuwa mfua mashuka katika hoteli kubwa, akirudi nyumbani vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyekaa majini, na kucheka kwake jioni ndiko kulikokuwa malipo ya kwanza ya Kasuku.

Alipokua, mchezo ukawa mkate. Akaingia redioni, kwenye michezo na vitabu vya kusomwa hewani, na kwa miaka mingi akawa mama wa kila mtu: mama mgonjwa, yaya, mpishi, mwanamke anayelia nyuma ya mlango. Wasikilizaji hawakumjua kwa sura, lakini alipoomba nyanya sokoni kuna waliogeuka kutazama.

Siku moja mtayarishaji wa vipindi akamwita. Huyu waigizaji walimbandika jina la Kimya, maana neno hilo alilibandika yeye kwenye kila mlango wa jengo, hata wa chooni. Kimya alimwambia ana kitabu kikubwa mkononi. Mwandishi wake, mwanamke wa nyumba nzuri na jina linalojulikana, alikuwa ameiacha meza yake ya kuandikia akaenda kuomba kazi ya kuosha vyombo katika mkahawa mmoja karibu na stesheni, bila kusema yeye ni nani. Alikaa huko miezi kadhaa akiishi kwa mshahara ule ule, kisha akaandika. Kitabu kilinunuliwa mpaka kikaisha madukani. Sasa kingesomwa redioni: mwandishi mwenyewe asimulie, na Kasuku aseme maneno ya wanawake wote wa jikoni.

Kasuku alikisoma nyumbani na kukipenda. Kiliandikwa na mtu mwenye macho. Mvuke wa sinki ulikuwemo, sakafu ya mafuta ilikuwemo, na migongo inayouma, na ile aibu ya kuomba ruhusa ya kwenda kujisaidia. Alicheka kwa sauti aliposoma jinsi siku ya kwanza mlinzi wa mlango wa nyuma alivyomsindikiza mwandishi mpaka mlango wa mbele, akamvutia kiti na kumwambia mhudumu anakuja, na yeye mwandishi akakaa pale ameshika barua yake ya kuombea kazi asijue pa kuanzia. Kitu kimoja tu hakikuwemo. Mwandishi alikuwa mweupe, picha yake ilikuwa nyuma ya jalada, lakini ndani hapakuwa na rangi ya mtu yeyote. Mwanzoni aliandika kwamba hakutaka kumgawa mtu kwa ngozi yake; kwamba aproni, ukishaifunga, inawafanya watu wote kuwa wamoja. Kasuku aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akageuza ukurasa.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, kuta zake zimefunikwa sponji ya kijivu, na kioo upande mmoja ambako nyuma yake Kimya aliketi na vitufe vyake. Kwa kawaida Kasuku alifika ameshiba, kwa sababu kipaza sauti husikia tumbo kabla ya mdomo, na bangili zake alizivua na kuziacha mkobani. Mwandishi alikuwa amewahi kufika. Alisimama kumpokea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia amesikia kazi zake na anaona bahati kusoma naye. Alikuwa amemletea kikapu cha matunda. Kasuku alimpenda, na hilo ndilo lililomletea shida baadaye, maana mtu usiyempenda ni rahisi kumwambia kitu.

Walisoma vizuri siku ile nzima na nusu ya iliyofuata. Mwandishi alikuwa na sauti tulivu, isiyokimbia. Kisha wakafika kwenye sura ambayo watu waliipenda kuliko zote. Ndani yake yumo mwanamke mkubwa wa jikoni, ambaye mwandishi alimpa jina la Mama Sufuria ili kumficha. Mama Sufuria yuko ndani ya chungu kikubwa cha supu mpaka mabega, anasugua, na bila kuinua kichwa anamwambia mgeni: "Wewe hukai huku. Mlango wako ni ule wa mbele." Mwandishi aliendelea hivi: "Nilijisikia kama nimebarikiwa. Alikuwa ameona ndani yangu bidii ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeiona." Na kweli, wiki iliyofuata meneja akamtoa kwenye sinki, akampeleka mbele kupokea wageni. Sura ikafunga kwa kusema kwamba hata jikoni, bidii haipotei.

Kasuku angeyasemaje maneno hayo? Hakufikiria. Yalimtoka yenyewe, kwa sauti ya chini, nzito, kama mtu anayeweka mzigo chini akijua ataubeba tena kesho.

Mwandishi akainua mkono. "Samahani, dada. Hakusema hivyo. Alisema kwa upole. Kama mtu anayekutakia heri."

Kasuku akarudia. Akaweka upole, lakini upole wenyewe ukawa na mchanga ndani yake. Mwandishi akatikisa kichwa. Wakarudia tena na tena, mpaka Kimya akauliza kwenye spika kama wapumzike wanywe maji.

"Nikuulize kitu," Kasuku akasema. "Huyu mama alikuwa amekaa jikoni pale muda gani?"

"Miaka mingi. Yeye ndiye aliyemfundisha kila mtu."

"Na huko mbele walikuwepo akina nani?"

"Wasichana tu. Wawili watatu, wanafunzi."

"Wasichana wa namna gani?"

Mwandishi akamtazama. Kisha akasema taratibu kwamba haoni swali linaelekea wapi, na kwamba aliliacha jambo hilo nje ya kitabu kwa makusudi, kwa heshima.

"Sawa," Kasuku akasema. "Kitabu hakisemi rangi ya mtu hata mmoja. Basi ni nani aliyejua aniite mimi kusema maneno ya watu wa jikoni?"

Wote wawili wakageukia kioo. Kimya alikohoa kwenye spika, akasema Kasuku ana sauti inayofaa.

"Inayofaa nini, bosi?"

Kimya akainamia vitufe vyake kana kwamba kimojawapo kingempa jibu. Shingo ya mwandishi ilikuwa imeiva kwa wekundu. Akasema kwamba yeye aliosha vyombo kama wengine, mikono yake ilichubuka kama ya wengine, na rangi hakuiandika kwa sababu pale hakuiona.

"Hukuiandika," Kasuku akasema, "lakini hukuiacha mlangoni. Uliingia nayo ukatoka nayo. Mlinzi aliiona kabla hujafungua mdomo, mimi mwenyewe nimecheka niliposoma."

Hapo Kimya akasema imetosha kwa leo.

Njiani Kasuku alijitukana mwenyewe. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walishasema, na waigizaji wenye sauti nzuri na midomo iliyofungwa wamejaa tele mjini. Alimkuta shangazi yake kibarazani miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi. Akamweleza yote, na kwa mazoea akaigiza kila mmoja: mwandishi, Kimya, na mwisho kabisa Mama Sufuria. Alitarajia kusifiwa. Shangazi yake alisikiliza mpaka mwisho, akaupangusa mguu mmoja, akauliza, "Na huyo mama wa chungu, sauti hiyo umeitoa wapi?"

"Kwako, shangazi. Ulivyokuwa ukirudi hotelini."

"Mimi nilikuwa nakwambia nini nikirudi?"

Kasuku akafikiri. Shangazi yake hakuwa akisema mengi. Alikuwa akivua viatu.

"Basi, mama," shangazi yake akasema, "kama wewe hukumuuliza na yeye hakumuuliza, mnagombania sauti ya nani?" Akatoa na mguu wa pili, akaomba taulo. Kasuku alimpa, akaingia ndani akiwa amechukizwa, kwa sababu alijua neno limempata.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Alidhani ni Kimya anamwachisha kazi, kumbe ni mwandishi. Hakujitetea. Alisema amekisoma tena kitabu chake tangu mwanzo, na kile kisa cha mlinzi na kiti hakikumchekesha tena. Alisema anataka kwenda kumuuliza mama yule mwenyewe, na angependa waende wote. Kasuku alitaka kukataa. Kumsindikiza mtu kwenda kuomba msamaha ni kazi isiyo na shukrani. Ukiwepo unaonekana shahidi, usipokuwepo unasimuliwa vibaya. Lakini maneno ya shangazi yalikuwa bado yanamwasha, akakubali.

Walikwenda alasiri, wakati wateja wa mchana wameondoka na wa jioni hawajafika. Wakapita uchochoro wa nyuma, penye makreti ya soda na mapipa. Mwandishi akagonga. Aliyetoka alikuwa mwanamke mrefu, kitambaa kichwani, anafuta mikono kwenye aproni. Jikoni walimwita Dada Mkubwa, na jina hilo ndilo alilojitambulishia kwa Kasuku. Alipomwona mwandishi, uso wake ulifunguka. Alimkumbatia kwa viwiko ili asimloweshe.

"Kitabu chako nilikisoma," akasema. "Umeniita Mama Sufuria. Ungeniuliza, ningejichagulia jina lenye maringo kidogo."

Wakacheka watatu wote, na kwa dakika ile Kasuku akafikiri labda kweli yeye ndiye aliyekosea. Kisha mwandishi akauliza. Aliuliza vibaya, akizunguka, akirudi nyuma, mpaka Dada Mkubwa akamkatiza kwa upole: anakumbuka vizuri sana, hakuna haja ya kuchora ramani. Akaketi juu ya kreti na kueleza.

Asubuhi ya siku ile meneja alimwita akamwambia amwonyeshe mgeni mambo ya mbele kidogo kidogo, daftari la meza, simu, makoti ya wageni yanatundikwa wapi, kwa kuwa wiki ijayo atahamishiwa huko. Naye Dada Mkubwa nafasi ile alikuwa ameiomba. Aliiomba mara ya kwanza zamani, aliyekuwa mbele alipoolewa; akaiomba tena mwezi ule ule. Miguu yake ilikuwa imeanza kuchoka na sinki, na alijua kuzungumza na watu.

"Meneja akaniambia pale panataka mtu mwenye sura ya mbele," akasema. "Nikajiuliza, hii yangu basi ni ya upande gani?"

Alisema bila kupandisha sauti, akatabasamu hata. Kasuku ndiye aliyeshindwa kutabasamu. Akauliza lile lililomleta: alipomwambia mgeni kwamba mlango wake ni ule wa mbele, alisema kwa hasira?

Dada Mkubwa alimtazama kwa mshangao. "Hasira kwake ya nini? Yeye hata alikuwa hajajua. Hasira yangu nilikuwa nimeshampelekea meneja mwenyewe ofisini, na ikarudi nami kama ilivyokwenda." Akamgeukia mwandishi. "Nilikuwa nakuaga. Nilikuwa nimekuzoea, unaimba ukiosha. Nikajua ukishakwenda mbele hutarudi huku nyuma kukaa nasi. Na hukurudi."

Ilikuwa kweli. Kitabu kizima cha jikoni, na sura zake za mwisho zote zilitokea mbele.

"Mbona hukuniambia?" akauliza hatimaye. "Kwamba uliiomba?"

"Ningekwambia, ungefanya nini? Ungekataa kwenda?"

Upepo uliburuta mfuko wa plastiki uchochoroni, ukauacha, ukaubeba tena. "Sijui," mwandishi akasema.

"Ndiyo maana," Dada Mkubwa akasema, akainuka, kwa sababu ndani walikuwa wakimwita. Mwandishi akamwomba ruhusa ya kuyasema hayo redioni. Dada Mkubwa akafikiri, mkono umeshika mlango. Akasema jina la sufuria aliache tu, watu wameshalizoea na ndugu zake wanamtania nalo. "Lakini hilo la kwamba niliomba nafasi, liseme. Mtu akisoma kitabu chako anadhani mimi niliridhika na chungu."

Mlango ukafungwa. Walipofika barabara kubwa mwandishi alikuwa analia, bila kelele, akitembea. Kasuku aliona mkono wake mwenyewe ukinyanyuka kwenda kumshika bega. Ni mkono uliozoea. Katika michezo yote ya redio, yaya ndiye anayembembeleza mwenye nyumba. Akaurudisha mfukoni. Si kwa ukatili. Aliona tu kwamba machozi yale yana kazi ya kufanya, akayaacha yafanye. Wakatembea hivyo mpaka kituoni, wakaagana kwa heshima.

Waliporudi studio, Kimya aliwapokea kama mtu anayepokea wageni wenye bakora. Kasuku akavaa spika za masikioni, akasogelea kipaza sauti, akasema: "Wewe hukai huku. Mlango wako ni ule wa mbele." Safari hii hakutafuta sauti ya shangazi yake wala ya mtu mwingine. Alisema kama mtu anayemwaga maji nyuma ya mgeni anayeondoka ili kumtakia heri, akijua huko aendako kuna kiti alichokitamani yeye. Alisema mara moja tu. Kimya hakuomba nyingine.

Ikaja zamu ya mwandishi. "Nilijisikia kama nimebarikiwa," akaanza, akakwama. Akaweka karatasi chini, akasema sentensi hiyo iondolewe, na zile za bidii zote. Kimya alikubali haraka, kwake kufuta lilikuwa jambo la kugusa kitufe kimoja.

Kasuku akapinga. "Ukiifuta, utakuwa umesema kwamba ulijua tangu siku ile. Isome kama ulivyoiandika. Watu waisikie, wengine watafurahi nayo kama ulivyofurahi wewe. Halafu ndipo uwaambie tuliyoyasikia pale nyuma."

Walibishana kidogo, Kimya akilalamikia muda wa kipindi. Mwishowe ikawa hivyo. Mwandishi alisoma sura yake mpaka mwisho kwa sauti ile ile tulivu, akatoa mkobani kurasa mbili alizoandika kwa mkono, akazisoma. Kasuku alisikiliza akiwa amekaa ng'ambo ya meza. Alimsikia akieleza juu ya mlinzi na kiti, juu ya sura ya mbele, juu ya mwanamke aliyeomba nafasi mara mbili. Kuna mahali alipojizungumzia yeye mwenyewe kupita kiasi, maumivu yake, usingizi wake, na Kasuku alitamani kumkanyaga mguu chini ya meza. Lakini ukweli ulisemwa, na aliyeutoa alitajwa kuwa ndiye aliyeutoa.

Kipindi kiliporushwa, maneno hayakukosekana. Wako walioandika kwamba mwandishi amekiharibu kitabu kizuri kwa mambo ya rangi ambayo hayakuwemo. Wako walioandika kwamba yalikuwemo tangu jalada. Mkahawani meneja alinuna, ila hakuthubutu kumgusa mtu, kwa sababu sasa wateja walikuwa wakichungulia jikoni wakiuliza ni yupi. Dada Mkubwa hakupewa nafasi ya mbele. Baada ya muda aliondoka mwenyewe, akaenda kusimamia jiko la hospitali, mahali alipopata kiti na sauti. Mwandishi alimtembelea huko, mwanzoni mara nyingi, baadaye mara chache. Urafiki wao ulibaki wa kusalimiana vizuri, na pengine huo ndio uliokuwa saizi yake.

Kwa Kasuku jambo lile halikuishia hewani. Kila alipopita korido ya redio aliona picha za wasimuliaji zimepangwa ukutani, na kwa mara ya kwanza akazitazama moja moja, asione hata moja ya mtu mwenye rangi yake. Kimya alipomwita tena, akamwambia kuna mchezo mpya na amemwekea nafasi nzuri sana, yaya mzee anayekufa sehemu ya tatu.

"Safari hii nataka kusimulia," Kasuku akasema.

Kimya akaanza kusema kwamba ana sauti inayofaa, akajisikia mwenyewe, akaishia njiani. Akasema atafikiria. Alifikiria wiki nyingi, na katika wiki hizo hakumwita kwa kazi yoyote, hata ya kulia nyuma ya mlango. Nyumbani mboga zikapungua sahanini. Shangazi yake hakulalamika, ila alianza kumtania kwamba kasuku aliyenyamaza ni kuku.

Kisha akaitwa. Kipindi kilikuwa juu ya nyuki: wanavyoishi, wanavyogawana kazi, wanavyomlinda mama yao. Kingerushwa alfajiri kabla ya taarifa ya habari, saa ambayo, Kimya alikiri kwa haya, husikilizwa na walinzi na waokaji mikate tu. Kasuku alimwambia hao wanamtosha. Akavua bangili zake, akaketi upande wa meza ambako hakuwahi kuketi, akanywa funda la maji, na taa nyekundu ilipowaka akaanza kusoma kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ilimchukua kurasa kadhaa kuizoea.